Jumanne ya Kilo Niliyoihamishia Kanisani

Kisangani, Kabondo
Jumapili, baada ya ibada

Yaya Furaha, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nyumba nzima, halafu hata yule mbuzi wako mkorofi kama bado hamjamla. Mgongo wako unaendeleaje? Na presha ya mama imetulia? Usinijibu tu "tuko bien" kama unavyofanya kwenye simu. Mimi ni muuguzi, yaya, nawajua sana watu wanaosema wako bien. Mimi mwenyewe naishi, nala, nalala kidogo. Nimekonda. Ukiniona utapiga kelele, ndiyo maana nakuambia mapema.

Naandika kwa mkono kwa sababu mama mmoja wa kanisa letu anaondoka keshokutwa kwa pikipiki mpaka Ubundu, kisha atapanda boti mpaka huko Kindu, na amekubali kubeba bahasha. Kwa simu ningeshindwa. Kila nikikupigia, mtandao unakatika pale pale ninapofikia neno lenyewe, na wewe unaanza "allô, allô" mpaka hasira inanipanda. Donc keti chini, waambie watoto wakae kimya, usome taratibu.

Najua unachotafuta humu ndani. Umenitumia ujumbe kwamba shemeji amefungua duka la dawa karibu na soko, anataka mtu wa kusimama ndani, na mtu huyo ni mimi. Chumba kipo. Chakula cha mama kipo. Umesema nijibu kabla ya Pasaka, maana shemeji hawezi kungoja milele. Nikuambie ukweli, yaya: siku nilipopata ujumbe ule nilikaa juu ya kitanda cha wagonjwa nikalia kwa furaha. Moyoni nilikuwa nimekubali kabla hujamaliza salamu. Halafu likatokea jambo, na jambo hilo ndilo lililonichelewesha. Nataka ulijue lote, toka mwanzo, kabla hujanitukana.

Nilipofika kwenye kituo hiki tulikuwa watatu. Papa Bolamba, mzee wa kazi, alipokea wagonjwa. Mama Véro, mkunga, alikuwa na chumba chake kidogo upande wa nyuma, akishughulika na wanawake na watoto. Mimi ndiye titulaire, yaani mkuu wa kituo, mwenye muhuri na ripoti na lawama. Papa Bolamba alifanya kazi miaka na miaka bila jina lake kuingia kwenye orodha ya wafanyakazi wa serikali. Asubuhi moja akaja amevaa buti za shamba, akanishika mkono, akasema, "Docta, mimi naenda zangu Bengamisa, kulima muhogo." Huku kila mtu anatuita docta hata kama sisi ni wauguzi tu. Nilidhani anatania. Akaniachia funguo za kabati, akaenda.

Miezi michache baadaye mume wa Mama Véro, ambaye ni mwanajeshi pale Kapalata, alihamishiwa upande wa Isiro, na mke akafuata. Wakubwa wa afya wakaniambia nivumilie, watu watakuja. Nikavumilia. Mpaka leo ninapokuandikia ni mwaka na nusu.

Unajua kukaa peke yako kwenye kituo ni nini? Saa moja asubuhi benchi limejaa. Huyu homa, yule ameanguka na pikipiki, bibi mmoja presha imempanda, na huko nyuma mama ana uchungu wa kuzaa anaita jina langu kama vile ni mimi niliyempa mimba. Namchoma mmoja sindano huku namwuliza mwingine ameanza kuharisha lini. Nikienda chooni wanagonga mlango: "Docta, umekufiaka humo?" Mchana nakula lituma ya ndizi imepoa, nimesimama, kijiko mkono mmoja na kipima joto mkono mwingine. Ukishaishi hivyo mwezi mmoja, miwili, kichwa kinaanza kutafuta kitu gani cha kukata. Kila kitu unakiona kama mzigo.

Mimi nilikata kilo.

Kilo unaijua, na huko mnayo: ile siku ya kupima watoto wachanga uzito, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani analia, anawekewa nukta kwenye kadi, anapigwa chanjo, anarudi nyumbani. Kwetu hapa ilikuwa Jumanne. Ilikula siku nzima. Na watoto, wengi wao, hawakuletwa na mama zao. Hii ni mitaa ya watu wa mtoni, familia zilizotoka Yanonge na Isangi. Mama akishuka na boti kutafuta samaki anaweza kukaa wiki mbili, na nyumba inabaki na binti mkubwa. Kwa hiyo Jumanne uwanja wetu ulikuwa unajaa wasichana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, wamevaa sare za shule, wadogo zao mgongoni. Mimi niliona jambo la kawaida kabisa. Ni nani huku hajalelewa na yaya wake? Hata mimi nimelelewa na wewe.

Mama Véro aliipenda Jumanne. Alikuwa anafunga mlango wa kile chumba chake na mtoto mmoja anachukua dakika ishirini. Nilikuwa namlalamikia, "Véro, huyo mtoto unampima au unamlea?" Naye ananijibu bila kugeuka, "Titulaire, mambo ya kilo niachie mimi." Nikamwachia. Sikumwuliza zaidi, maana nilikuwa na ripoti za kuandika.

Alipoondoka, Jumanne ikaniangukia mimi. Nikajaribu wiki tatu, nne, nikaona nitakufa. Nikapata akili, au ndivyo nilivyofikiri. Kuna akina mama wa kujitolea hapa mtaani, tunawaita relais, wanawake wazuri, wachangamfu, wanapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu habari za vyandarua na chanjo. Nikawafundisha kusoma mizani. Nikaihamishia kilo kwenye baraza ya kanisa, Jumamosi asubuhi. Wao wanapima, wao wanaandika, mimi napita saa moja tu kupiga chanjo na kuondoka. Jumanne yangu ikapona. Wakaguzi wakaja, wakaangalia, wakapiga makofi, wakasema vituo vingine viige. Yaya, unakumbuka nilikupigia simu nikijisifu? Ulisema, "Huyo ndiye mdogo wangu." Nililala vizuri siku hiyo.

Sasa sikiliza. Muda si mrefu baada ya hapo, Jumanne moja, anakuja msichana anaitwa Solange. Nilikuwa namjua kwa sura. Mama yake anauza samaki wa moshi, na yeye ndiye alikuwa akimleta mdogo wake Trésor kwenye kilo kila mwezi. Ana miaka kumi na mitano. Benchi limejaa, mimi jasho linanitoka, na huyu amesimama mlangoni na Trésor mgongoni.

"Docta, nimeleta mutoto kwa kilo."

Nikamwambia kilo iko kanisani siku hizi, hukusikia? Akasema amesikia. Nikachukua kadi ya Trésor, naangalia, nukta ya mwezi huo imeshawekwa. Mtoto alipimwa Jumamosi iliyopita! Siku tatu tu.

"Mupenzi wangu," nikamwambia kwa sauti, "unafikiri mutoto anapandaka kilo kila siku kama mukate kwenye furu? Kwenda nyumbani, unanipotezea muda."

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amecheka pale. Solange akatazama ule mlango wa nyuma, wa chumba cha Mama Véro, ambao sasa nilikuwa nimeweka magodoro ndani. Akasema, "Pardon, docta." Akamfunga Trésor vizuri mgongoni, akaenda. Mimi nikaita, "Anayefuata!"

Basi miezi ikapita. Sikuandikii hesabu, yaya, hesabu ninawaandikia wakubwa na sijui kama wanazisoma. Nakuambia tu nilichoona kwa macho. Siku ya wajawazito wakaanza kuja nyuso ninazozijua. Mwanzoni mmoja. Halafu wawili pamoja, wa darasa moja. Halafu nikawa nikiinua macho kutoka kwenye daftari namwona tena binti wa Jumanne zile, safari hii bila mtoto mgongoni, amevaa kitambaa cha mama yake kuficha tumbo. Nikakasirika. Nikasema kama wanavyosema wote: watoto wa siku hizi, simu, video, vijana wa pikipiki. Shule ikaniita kwenye mkutano wa wazazi nizungumze kama mtu wa afya. Nikasimama mbele ya watu nikasema mabinti zetu wamepoteza haya, wazazi wakaze kamba. Walinipigia makofi sana, hata mchungaji alisimama kunipa mkono. Nikikumbuka makofi yale natamani kufunika uso.

Wewe mwenyewe uliniambia mwezi ule, "Mabinti wa huko Kisangani ni wabaya, rudi nyumbani usije ukaoa mmoja." Nilicheka nikakubali. Leo sikubali.

Alhamisi moja, kama saa sita mchana, ikaingia uwanjani toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, mwenye baiskeli anasukuma kwa miguu na juu ya kiti cha nyuma amelala msichana, ameshikiliwa na bibi yake. Ni Solange. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake alfajiri. Mama yake alikuwa Yanonge kwenye samaki. Solange hakuwahi kuja kupimwa mimba hata siku moja. Miguu imevimba, uso umevimba, macho hayaoni vizuri, presha ilinitisha mpaka nikaipima mara ya pili. Nyonga ni za mtoto, yaya. Nikajua hapa si mahali pake, anataka hospitali kubwa, anataka kisu.

Nani wa kwenda naye? Mimi. Nani wa kubaki na benchi? Mimi. Nilisimama pale katikati kama mpumbavu. Kama Papa Bolamba angekuwepo, au Véro, lisingekuwa swali. Mama mmoja akainua mwanawe mwenye homa, akaniuliza, "Docta, sasa unatuachia nani?" Nilimpa mtoto wake dawa ya kushusha joto, nikafunga kituo kwa kufuli, nikaita pikipiki. Dereva mbele, Solange katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, na kila shimo la barabara alikuwa anauma bega la dereva. Yule dereva hakulalamika hata kidogo, Mungu ambariki.

Hospitalini wakatuambia daktari yuko kwenye upasuaji mwingine, tungoje. Tukakaa kwenye benchi, safari hii mimi ndiye wa kungoja. Maumivu yakimwachia kidogo, anaongea.

"Docta, mimi nilikuyaka."

"Ulikuja wapi?"

"Kwa kituo. Na Trésor. Ile siku ulisema mutoto hapandi kilo kama mukate."

Nikamwambia, "Nakumbuka. Lakini Trésor alikuwa ameshapimwa."

"Haikuwa kilo ya Trésor, docta. Nilikuwa natafuta Mama Véro. Aliniambiaka, siku mambo inakuwa nguvu, ukamate mutoto, ukuje naye, useme ni kilo. Hakuna mutu atakuuliza kitu."

Kulikuwa na mwanaume mmoja bandarini, mtu mzima, mwenye mke, aliyekuwa akimfuatafuata na kumletea zawadi wakati mama yake hayupo. Solange aliogopa, alitaka shauri, alitaka na sindano ile ya miezi mitatu, ya kuzuia mimba, asije akaharibikiwa masomo. Alikuwa amekuja kabla, yaya. Kabla ya mimba! Nikamwuliza mbona hakuwaambia wale akina mama wa kanisani Jumamosi. Akaniangalia kama vile mimi ndiye mtoto.

"Wale? Wale wanaimbaka kanisani koro moja na mama yangu."

"Na mimi je? Si ungeniambia mimi?"

"Wewe iko mwanaume, docta. Na watu walikuwa wanacheka."

Hapo maumivu yakarudi, akanishika mkono akakaza. Alipoanza kutetemeka mwili mzima nikapiga kelele mpaka wauguzi wakaja mbio, wakamwingiza ndani.

Solange alipona. Nilitaka uanze na hilo. Mtoto hakupona, alikuwa wa kike, amechoka kabla ya kuzaliwa. Mama yake alifika kesho yake kutoka Yanonge, moja kwa moja toka kwenye boti, na harufu ya moshi na samaki bado kwenye nguo zake. Alilia, akampiga bintiye kofi dogo la bega, akamkumbatia, akalia tena. "Kwa nini haukuniambia?" Solange akasema, "Ningekuambia nini, mama? Haukuwepo." Halafu mama akanigeukia mimi, niliyekuwa nimerudi kumtazama mgonjwa. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Akasema tu, "Docta, wewe ndiye unaonaka watoto wetu kila mwezi. Haukuona?"

Nilirudi kituoni jioni ile ya kwanza, kabla jua halijazama, nikakuta nusu ya watu bado wamekaa nje ya kufuli wananingoja. Yule mama wa mtoto mwenye homa alikuwa amekwenda. Sikujua alikokwenda. Kesho yake nilimtafuta nyumba kwa nyumba, nikamkuta mtoto amepona, anacheza na kopo. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba yao nikaomba maji. Mama yule akaniletea maji, akaniambia, "Papa docta, wewe pia unahitaji docta."

Nikampigia simu Mama Véro huko Isiro. Nilikuwa tayari kugombana naye. Nikamweleza yote. 

"Titulaire, kweli hukujua?"

"Ningejuaje? Ulikuwa unafunga mlango!"

"Ilikuwa lazima kufunga. Wale mabinti wakiingia kwa miguu yao, mtaa mzima unauliza wanatafuta nini. Wakiingia na mtoto wa mama yao, hakuna anayeuliza. Nusu ya wale watoto nilikuwa nawapima hata haikuwa zamu yao. Nawaning'iniza tu walie, ili watu wa nje wasikie ni kilo."

"Mbona hukuniambia ulipoondoka?"

"Nilifikiri atakuja mwanamke mwingine mahali pangu, nimwambie yeye. Nilikuwa nangoja aje. Hakuja." Halafu akaanza kulia, na mimi nikaanza, watu wazima wawili kwenye simu tunalia, mpaka salio lake likaisha.

Ndiyo hivyo, yaya. Mabinti wa hapa si wabaya kuliko wa Kindu. Hawakupoteza haya, haya ndiyo iliyowazuia kuja kwangu. Walikuwa na mlango mmoja tu, mimi nikautia magodoro, kwa sababu nilikuwa peke yangu na nimechoka. Na wakubwa waliponiacha peke yangu hakuna aliyefikiria mabinti. Walihesabu wagonjwa, wakaona mtu mmoja anaweza kuchoma sindano. Anaweza. Ila hawezi kuwa wote.

Nikarudisha kilo Jumanne. Wale akina mama wa kanisani wamenichukia kidogo, wanafikiri nimewadharau, bado natafuta namna ya kuwatuliza. Nikaenda kwa wakubwa wa afya, nikakaa ofisini kwao toka asubuhi nikakataa kuondoka mpaka waniahidi mwanamke. Wewe unajua nikikaza kichwa. Wakanipa Nadège. Ametoka shule ya wauguzi mwaka jana tu, mdogo, mwembamba, sauti yake ndogo mpaka nikamwuliza kama anaumwa. Nikasema moyoni, hapa nimepewa mtoto mwingine wa kulea.

Jumanne yake ya kwanza nilitoa magodoro. Wasichana wawili tu walikuja, wakapima, wakaenda haraka haraka. Ya pili, vilevile. Ya tatu akaingia mmoja, simtaji jina hata kwako, na mdogo wake mgongoni. Nadège akafunga mlango. Mimi nikatoa kiti changu nikakaa nje na watu wa benchi. Dakika kumi. Dakika ishirini. Ndani mtoto analia, ananyamaza, analia tena. Mama mmoja akaanza, "Docta, hii kilo gani inakamata muda hivi?" Nikamwambia, "Mama, mutoto hatulii, na hii mizani inataka mutoto atulie." Akasema mizani yenu ni mbovu. Nikamwambia kweli, mama, mizani yetu ni mbovu, tuvumilie. Yaya, sijawahi kusema uongo kwa raha namna ile.

Bon. Sasa jibu lako. Wakubwa wameniambia wazi: Nadège hawezi kuachwa peke yake, bado mchanga, na hawana titulaire mwingine wa kuleta. Nikiondoka mimi, yeye watampeleka kwingine, na kituo kitafungwa mpaka mtu apatikane. Mpaka mtu apatikane ni maneno ninayoyajua. Niliyasikia mwaka na nusu uliopita.

Kwa hiyo siji, yaya. Nimeliandika, nikaweka kalamu chini, nikalichukua tena. Siji. Mwambie shemeji amchukue mtu mwingine, na amshukuru Mungu, maana mimi ningemfukuzia wateja kwa hasira zangu. Usifikiri nimekuwa shujaa. Nimechoka mpaka kwenye mifupa, natamani ugali wako na sombe, natamani kulala mchana mtu asigonge mlango. Kama kungekuwa na wawili wa kuniachia zamu, ningekuwa ndani ya boti ile na huyu mama mbeba barua. Utalia, najua, halafu utakasirika. Anza na hasira, inaisha haraka.

Solange nilimwona juzi. Amekaa na mama yake sokoni, anapanga samaki. Shule imesema mwaka huu haiwezekani, labda ujao. Nilimsalimia, akaitikia, "Bonjour docta," akaendelea kupanga. Nikanunua samaki.

Mpe mama mzazi salamu zangu zote, mwambie dawa ya presha haikatwi kwa sababu kichwa hakiumi. Msalimie shemeji, na asinune. Msalimie tonton wetu, yule mjomba fundi cherehani, mwambie ile suruali bado inadumu. Mbusu kichanga wako Baraka, ambaye mjomba wake bado hajamshika mkononi.

Na Riziki wako. Ametimiza kumi na minne, si ndiyo? Simu ya mwisho nilimsikia nyuma yako anacheka, sauti imebadilika. Yaya, nakuomba kitu kimoja, na usinijibu kwamba binti yako si wa namna hiyo. Siku ya kilo, Baraka asiende na wewe. Mfunge mgongoni kwa Riziki, waende wawili. Uliza kwanza kama pale kituoni kwenu bado kuna mama wa kufunga mlango. Na Riziki akichelewa kurudi, mpe chakula, usimwulize kitu.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Dieudonné